Valvu ya Tatu

Fundi wa Gofu alitaka elfu sitini
kufungua springi tu, kusaga ni bei nyingine.
Nikaifunga silinda hedi kwenye keria ya baiskeli
hadi Barabara ya Kumi na Tano, nyumbani,
nikaitua uani juu ya gunia,
kati ya ndoo ya maji na beseni la dagaa.

Mimi si fundi. Nauza barafu na soda
kwa kirikuu kilichoanza kunywa oili mwezi wa Rajabu,
kikiwashwa asubuhi kinatoa moshi wa buluu
mpaka majirani wanafunga madirisha.

Mama akaniazima mbuzi yake ya kukunia nazi
niikalie.
"Usinichafulie," akasema, "kesho nina wali."

Chini ya valvu nilishindilia matambara
ili zisidumbukie: kanga yake kuukuu,
iliyobakiwa na neno moja la jina lake,
NIMENYAMAZA.

Soketi ya kumi na tisa juu ya kikombe cha springi.
Nyundo. Pigo moja la haki,
si la hasira wala la huruma.
Springi inashtuka, inainama kidogo,
na kufuli mbili, ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
zinaruka ndani ya soketi, zinanata kwenye sumaku
niliyoing'oa katika spika ya redio ya marehemu baba.

Ya kwanza ilitoka hivyo. Ya pili vilevile.
Nilizipanga kwenye trei ya mayai,
nikaandika kwa mkaa, hii ya kwanza, hii ya pili,
maana valvu iliyokaa miaka kumi na nane
kwenye kiti kimoja
ukiihamisha inavuja.

Ya tatu ikanifunza adabu.
Nilipiga sumaku haijakaa sawa.
Tiki!
Kufuli moja hewani,
ikapita juu ya kuku, juu ya beseni,
juu ya kichwa cha Mwanahija aliyekuwa anasuka ukili,
kisha kimya.
Nani angejua chuma kidogo vile
kinaweza kunyamaza kwa upana ule?

Tukatafuta. Tukamwaga dagaa.
Tukamshuku kuku; Mwanahija akamkamata,
akamtikisa sikioni kama kibubu.
Mwisho nikafunga sumaku kwa uzi
nikaiburura ua mzima, polepole,
kama mtoto na gari lake la kopo.

Ikarudi na ndevu za mchanga mweusi,
msumari wa bati, kishikizo cha hereni,
na sindano ya cherehani
iliyoliwa na kutu mpaka tunduni.

Mama akaacha kuchambua mchele.
Akaichukua, akaipangusa kwa mate, akaitazama juani.
"Hii," akasema, "ilinidondoka
nikishona gauni la Rehema."

Jina hilo hatujalisikia humu ndani
tangu mimi nikiwa kibogoyo wa meno ya utoto.
Hakuongeza neno. Hatukuuliza.
Akaichomeka sindano kwenye pindo la kanga,
akarudi kwenye ungo,
akachambua palepale alipokuwa amekwisha chambua.

Nikarudi kwenye mbuzi.
Springi ya tatu niliitoa kwa vidole, nyepesi, haina ubishi.
Nikaiminya kwa viganja viwili, kwa meno yaliyoumana,
haikubonyea hata unywele.
Nguvu yote ile, na kilichoishikilia miaka yote
ni vipande viwili,
kimoja hata sasa sijui kilipo.

Magharibi imeadhiniwa, hedi bado ina valvu tatu.
Kesho nitaulizia dukani,
na najua wataniambia haziuzwi moja moja.
Trei nimeiweka juu ya kabati.
Shimo la tatu lina valvu, springi, kikombe
na kufuli iliyobaki.
Katika shimo la nne, bila kuniuliza,
Mwanahija ameweka kile kishikizo cha hereni,
na kwa mkaa wangu
ameandika: cha nani?